Bustani ya shule ipimwe kwa sufuria: mwongozo kwa walimu na wazazi wa Dar es Salaam

Bustani nyingi za shule huanza na jembe. Watoto wanaambiwa waje na majembe Jumatatu, kieneo cha nyuma ya madarasa kinalimwa, mbegu zinamwagwa, na mchicha ukikomaa unafungwa mafungu, unauzwa kwa walimu na majirani. Pesa inalipia maji au inanunua chaki. Aliyebeba ndoo wiki nne nzima hakuonja hata jani, na saa nne asubuhi anatoka getini na shilingi zake kununua chipsi na juisi ya rangi.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwenye sufuria. Swali la kwanza ni watoto wangapi watakula, siku gani, na nani atapika. Jembe linafuata baadaye. Nimeuandika nikifikiria shule za msingi za Dar kama zilivyo: uwanja wa mchanga, watoto wengi, maji ya mgao, na mwalimu mmoja mwenye moyo ambaye tayari ana vipindi vya kutosha.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya sufuria

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 6 hadi 9 ale angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na kuanzia miaka 10 angalau gramu 400. Gawa kiasi hicho cha siku katika sehemu za gramu 80, na chukua sehemu moja kama mboga ya mtoto mmoja kwa mlo mmoja. Darasa la watoto 60 litahitaji karibu kilo 5.

Sasa tuta. Lipime upana wa sentimita 80, ili mkono wa mtoto ufike katikati bila kukanyaga udongo, na urefu wa mita 5. Hizo ni mita 4 za mraba. Likitunzwa vizuri, tegemea kilo 4 hadi 6 za mchicha wa kuvunwa mara moja. Tuta moja, basi, ni mlo mmoja wa darasa moja. Mchicha unakaa ardhini kama wiki nne, na tuta linahitaji wiki moja ya kupumzishwa na kutiwa mbolea. Ukitaka darasa lile mboga yake mara moja kila wiki unahitaji matuta matano yanayopokezana, kila wiki moja likipandwa na jingine likivunwa. Anza na hayo matano, na usiongeze jingine la mchicha kabla ya muhula mmoja kwisha.

Geuza hesabu hiyo kwa shule ya watoto 1,500, na Dar hizo zipo tele. Mlo mmoja unataka kilo 120 za mboga, yaani matuta 20 hadi 30 yavunwe siku moja. Shule ya Manzese au Mbagala itapata wapi eneo hilo? Bustani haitalisha shule nzima, na ni vizuri mkutano wa wazazi uambiwe hivyo mapema. Mboga ya chakula cha mchana cha shule itaendelea kutoka sokoni, Mabibo, Buguruni au Temeke Stereo, kwa michango ambayo wazazi wamekubaliana. Kazi ya matuta matano ni kumfundisha mtoto kukijua chakula: kinatoka wapi, kinataka nini ili kiote, kikiiva kina ladha gani. Mtoto anayekijua ndiye atakayekiomba nyumbani.

Chagua darasa moja. Mimi ningechukua darasa la tatu. Wanajua kusoma na kupima, bado hawajabanwa na upimaji wa darasa la nne, na watakuwepo shuleni miaka kadhaa ya kuwafundisha wadogo zao.

Hatua ya 2: Kubalianeni kabla ya kulima

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilizipa shule za nchi hii mashamba, na wazazi wengi wa leo walishika jembe wakiwa wanafunzi. Wengi wao wanakumbuka jambo jingine pia: shamba lilikuwa mahali pa kupelekwa aliyechelewa. Kwa hiyo sharti la kwanza, liandikwe na mwalimu mkuu alisome mbele ya walimu wote: kazi ya bustani haitakuwa adhabu kwa mtoto yeyote, kwa kosa lolote. Mtoto aliyepalilia mchicha kwa kuadhibiwa hataupenda sahanini, na huna namna ya kumrudishia upendo huo kwa bango la ukutani.

Sharti la pili ni la mavuno. Watoto wale kwanza. Kikibaki ndipo mpishi, mlinzi na walimu wagawane, na kama kuna cha kuuza, pesa irudi kwenye mbegu na samadi, ikiandikwa kwenye daftari ambalo kamati ya shule inaliona.

Sharti la tatu ni la nafasi ya watu wazima. Mwalimu mmoja hawezi peke yake. Tafuta mzazi mmoja au wawili wanaojua kulima. Dar imejaa watu waliokuja kutoka Lushoto, Uluguru au Njombe na mikono yao bado inakumbuka. Mweke mlinzi ndani ya mpango tangu mwanzo, maana ndiye anayeiona bustani Jumapili. Kisha nenda ofisi ya kata umwone afisa ugani, naye akuunganishe na afisa lishe wa halmashauri yako, iwe Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Hao wanalipwa kwa kazi hii na wengi wao hufurahi kuitwa. Kwa masuala ya chakula chenyewe ipo pia Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Hatua ya 3: Mahali na udongo

Jua lifike saa sita kwa siku au zaidi. Kaa mbali na vyoo, mashimo ya majitaka na mahali pa kuchomea taka. Epuka pia ukingo wa barabara kubwa, na ukuta wa zamani unaobanduka rangi, kwa sababu rangi za kale na moshi wa magari wa miaka ya nyuma huacha madini ya risasi udongoni. Madini hayo hayaonekani wala hayanuki, na mwili wa mtoto huyafyonza kwa urahisi kuliko wa mtu mzima.

Udongo wa Dar kwa sehemu kubwa ni mchanga. Mchanga hauna ubaya wa kudumu. Una njaa tu, na maji hupita ndani yake upesi. Ulishe. Kwa kila mita moja ya mraba tia ndoo moja ya lita 20 ya mboji au samadi iliyooza, ichanganye kwa kina cha jembe, na rudia kiasi kidogo kila unapopanda upya. Samadi ya kuku inapatikana karibu kila mtaa, kwa wafugaji wa nyama na mayai, lakini ikiwa mbichi inaunguza miche. Iache imefunikwa miezi miwili, igeuzwe, hadi harufu kali iishe.

Mboji ipo tayari shuleni kwako, inachomwa moto kila asubuhi. Majani ya miembe, miarobaini na mikungu ambayo watoto wanafagia kabla ya namba kupigwa ndiyo chakula cha bustani. Chagua kona yenye kivuli, weka tabaka la majani makavu, juu yake mabichi na maganda ya mboga kutoka jikoni, kisha samadi kidogo, majivu kiganja kimoja, na maji ya kulowanisha tu. Rudia hadi lundo lifike mita moja kwenda juu. Chomeka mti katikati. Baada ya siku chache mtoto auchomoe na aushike: ukiwa wa moto, lundo linafanya kazi. Sioni somo la Sayansi linaloishinda dakika hiyo. Geuza kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi miwili au mitatu utakuwa na udongo mweusi unaonukia mvua.

Matuta ya masika yainuliwe sentimita 20 hadi 30, vinginevyo maji yatasimama na miche ioze. Ya kiangazi yafanye kinyume, yazame kidogo chini ya usawa wa njia ili maji yasikimbie. Kama uwanja wenu wote ni sakafu ya saruji, kama zilivyo shule za katikati ya mji, tumia viroba vya kilo 50. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya kiroba, lijaze kokoto, zungushia udongo wenye mbolea, kisha livute juu kidogo na urudie hadi kiroba kijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika chini. Toboa pembeni, panda juu na ubavuni. Kiroba kimoja hubeba miche mingi ya spinachi au chainizi, nacho kinahamishika fundi akija kujenga.

Hatua ya 4: Maji

Tuta la mita 4 za mraba kwenye jua la Dar hunywa ndoo moja ya lita 20 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Matuta matano ni ndoo tano. Kwa shule zenye mikondo ya asubuhi na mchana hii ni baraka: wa asubuhi wanamwagilia kabla ya namba, wa mchana kabla ya kwenda nyumbani. Mwagilia kwa keni, au kopo lililotobolewa matundu madogo kwa msumari. Maji ya kumwagwa kwa ndoo huchimbua mbegu. Tandaza majani makavu au pumba za mpunga kati ya mistari na utapunguza kiu ya tuta kwa kiasi utakachokiona mwenyewe.

Maji ya bomba yakiwa ya mgao, vuna ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la darasa moja lenye mita za mraba 56 kwa mvua ya milimita 20 linakupa lita 1,120. Ukitoa yanayopotea, karibu lita 900, ambayo ni siku tisa za matuta matano. Watoto wapige hesabu hiyo wenyewe ubaoni. Funika kila pipa na kila tanki kwa kifuniko au chandarua kilichokazwa. Dar ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, hata ndani ya kopo.

Maji ya kisima karibu na pwani huwa na chumvi. Yakionjwa yakawa na munyu, yachanganye na ya mvua au ya bomba. Na maji ya mto Msimbazi, ya mifereji au ya mitaro ya mtaa usiyatumie kabisa. Tafiti zimekuta metali nzito, yaani madini yenye sumu kama risasi, katika mboga za bonde la Msimbazi, na kuzichemsha mboga hakuondoi metali. Maji ya mtaro yana pia hatari ya haraka zaidi, hasa msimu wa mvua: kipindupindu.

Hatua ya 5: Chagua mazao yanayosamehe

Mbegu ya kwanza iwe ya kitu kitakachoota hata mkisahau siku moja.

Mchicha unaongoza kwa sababu ya kasi. Mtoto wa miaka tisa hana subira ya miezi mitatu. Ndani ya siku nne au tano anaona kijani, na ndani ya mwezi anakula. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisimwagike kwa fungu, zipande kwa mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20, fukia kidogo sana, tandika nyasi, na ondoa nyasi mara tu miche inapochungulia. Zungushia majivu, maana sisimizi hubeba mbegu zote usiku mmoja. Baada ya wiki mbili punguza miche iliyosongamana. Hiyo ya kupunguzia nayo ni mboga.

Matembele ndiyo akiba yenu. Hayahitaji mbegu wala kitalu. Chukua vipando vya sentimita 30, fukia nusu, achanisha sentimita 30. Baada ya wiki tano au sita mnachuma ncha, na mtachuma muda mrefu bila kung'oa. Ningeyapa tuta moja la kudumu nje ya yale matano ya mzunguko. Na hapa kuna nafasi nzuri ya kupanda viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa kama Kabode na Mataya. Rangi ile ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika kwa macho na kwa kinga ya mwili. Watoto wachimbe kiazi kimoja baada ya miezi minne, wakikate mbele ya darasa pamoja na kiazi cheupe. Hutahitaji kueleza sana.

Bamia na nyanya chungu huvumilia joto na hupendeza kuchuma. Kunde hutoa majani na baadaye maharage yake, huku ikirutubisha udongo. Pembeni panda mipapai miwili na mlonge mmoja, ukikatwa kilele mara kwa mara ili majani yabaki kimo cha mtoto.

Nyanya ziache msimu wa kwanza. Kantangaze, yule mdudu anayechimba jani na tunda, amezifanya kuwa zao la dawa nyingi, na dawa hatuzitaki shuleni. Kisamvu nacho ni kitamu lakini majani ya muhogo yana sumu ya asili inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Hakifai kwa mapishi ya kipindi kimoja.

Hatua ya 6: Panga mwaka kwa mvua na kwa likizo

Kalenda ya shule na kalenda ya mvua hazilingani, na bustani nyingi hufia hapo. Mpango unaofanya kazi Dar ni huu: miezi ya masika, Machi hadi Mei, tumieni kutengeneza mboji, kutafuta viroba, kukusanya maji na kuzungushia uzio wa mirunda na makuti au wavu dhidi ya kuku na mbuzi. Mvua kubwa huvunja mchicha mchanga, kwa hiyo hamtapoteza kitu. Shule zikifunguliwa Julai baada ya likizo, pandeni. Kipupwe cha Julai na Agosti ni rafiki wa mboga za majani, jua si kali na magugu yamepungua. Mtakula mara ya kwanza Agosti, kisha mtaingia vuli mkiwa mmeshazoea.

Zamu iwe ya watoto sita kwa wiki, wawe na daftari moja. Waandike tarehe, ndoo walizomwagilia, walichokiona, urefu wa mche kwa rula. Daftari hilo ni hisabati, ni Kiswahili, na ndilo litakalomwonyesha mwalimu mpya mlikofikia.

Kila anayeingia bustanini avae viatu au ndala. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu mtupu na kunyonya damu tumboni, na itakuwa huzuni mtoto apate upungufu wa damu kwenye bustani iliyoanzishwa kumwongezea damu. Majembe yakabidhiwe kwa idadi na yarudishwe kwa idadi. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kurudi darasani.

Hatua ya 7: Wadudu

Asubuhi, kabla ya jua kuwaka, watoto wageuze majani na wabinye vidukari kwa vidole. Ikishindikana, twanga majani mabichi ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja, ongeza sabuni ya maji kidogo, nyunyiza jioni. Subiri siku kadhaa kabla ya kuchuma na osha vizuri. Mmea ukinyauka, ung'oe uutazame mizizi; ikiwa na vinundu ni minyoo fundo, ambayo inapenda mchanga wetu. Ondoa mimea hiyo, usiitie kwenye mboji, na tuta hilo lipande zao jingine. Viuatilifu vya dukani visiingie getini.

Hatua ya 8: Chuma, pika, onja

Hapa ndipo somo lilipo, na hapa ndipo wengi huchoka. Usichoke.

Vuna asubuhi ya siku ya kupika, watoto wakiwa na kisu kimoja chini ya usimamizi, wakikata juu ya udongo. Osha kabla ya kukatakata, kwa maji safi, ubadilishe maji hadi chini ya beseni kusiwe na chembe ya mchanga. Nasisitiza mchanga kwa sababu mtoto aliyesaga mchanga menoni mara moja atakataa mchicha mwaka mzima. Ukikata kwanza kisha ukaosha, sehemu ya vitamini inaondoka na maji, na ukichemsha ukamwaga maji ya mboga unamwaga sehemu nyingine.

Pika muda mfupi. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, tia mboga, funika dakika chache, ipua ikiwa bado ya kijani. Tui la nazi au karanga zilizosagwa zina kazi zaidi ya utamu, kwani karotini ya mboga inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Karanga zenye ukungu au zilizonyauka zitupwe, zinaweza kuwa na sumukuvu, na kabla ya kuzitumia waulize wazazi kama kuna mtoto anayedhurika nazo. Mwishoni kamulia ndimu. Madini ya chuma yaliyo kwenye majani huingia mwilini kwa shida, na vitamini C ya ndimu huyafungulia njia. Chai inayafungia, kwa hiyo kama shule hutoa chai, isiandamane na mlo huo. Ikae saa moja mbali.

Sasa kuonja. Mtoto akikunja uso mara ya kwanza usiseme hapendi mboga. Watafiti wa ulaji wa watoto wameona mara nyingi kwamba chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara 8 hadi 10, pengine zaidi, kabla hakijakubalika. Mpe kijiko kimoja kila wiki. Usimlazimishe, usimwahidi pipi akimaliza, maana utakuwa umemfundisha kwamba pipi ndiyo zawadi na mboga ndiyo gharama. Wewe mwalimu kula naye, sahani ileile, mkiwa mmeketi. Waulize waseme: ni chungu, ni tamu, inateleza, inanukia nini? Siku nyingine pikeni mchicha kwa njia mbili, wa nazi na wa kukaangwa, wapige kura. Siku nyingine wafunge macho waonje papai, embe na chungwa.

Somo la makundi ya vyakula lifanyike hapo hapo kwenye sahani. Ugali au wali ni wa nafaka, pembeni yake ipo mihogo, viazi na ndizi, maharage, kunde na choroko, dagaa, samaki, mayai, maziwa, mboga, matunda, mafuta kidogo. Kila mtoto aangalie sahani yake ya jana usiku nyumbani na aseme kilichokosekana. Fanya hivyo kwa upole. Wapo watoto ambao jana usiku hawakuwa na sahani, na mwalimu anayewajua darasani mwake atawaacha wazungumze juu ya sahani ya kuchora.

Hatua ya 9: Zungumza na akina mama wa getini

Kile watoto wanachokula zaidi kwa wiki hakitoki bustanini wala jikoni. Kinatoka kwenye meza za nje ya geti: mihogo ya kukaanga, bagia, kachori, chipsi, maembe mabichi ya pilipili, ubuyu, barafu. Kuwafukuza wauzaji ni dhuluma, wengi ni wazazi wa watoto haohao, na watoto watawafuata mtaa wa pili. Waite mkae. Waombe mihogo ya kuchemsha iwe karibu na ya kukaanga, mafuta yasitumike hadi yawe meusi, machungwa na vipande vya papai viwe kwenye chombo chenye kifuniko, ubuyu uuzwe pia usio na rangi na wenye sukari kidogo. Unga wa ubuyu wenyewe una vitamini C, tatizo ni tunachouzungushia. Shule iwape kitu nao: ndoo ya maji safi yenye koki na sabuni, na ruhusa ya kukaa kivulini.

Darasani fanyeni zoezi la lebo. Leteni chupa tupu za soda na juisi zilizookotwa. Gramu 4 za sukari ni takribani kijiko kimoja cha chai. Kinywaji kilichoandikwa gramu 10 kwa kila mililita 100, kwenye chupa ya mililita 350, kina gramu 35, karibu vijiko tisa. Mtoto mmoja avichote mbele ya wenzake, kimoja kimoja, kwenye bilauri kavu, wote wakihesabu.

Hatua ya 10: Kabla ya kufunga shule

Wiki nne kabla ya likizo ya Juni au ya Desemba acheni kupanda mchicha. Vuneni ulioiva, tandazeni majani mazito juu ya matuta matupu, na acheni matembele, mlonge na mipapai, ambavyo vinahimili wiki kadhaa kwa maji machache. Andikeni kwa jina nani atamwagilia siku zipi, mlinzi na wazazi wa jirani, na kwamba mboga watakayochuma wakati huo ni yao.

Siku ya mwisho kateni vipando vya matembele, mtoto mmoja vipando vitano, vifungwe kwenye gazeti lililoloweshwa. Vinakaa kwenye ndoo iliyopasuka yenye udongo, hata kwa wanaopanga chumba kimoja Tandale. Waelezeni wazazi kwa ujumbe wa simu: toboa kitako, tia udongo wenye samadi, fukia nusu ya kipando, mwagilia jioni, na vipandwe siku hiyohiyo kabla havijanyauka.